Injini ya tangi ni nini? Mfano wa Terrier za Uingereza

Kichwa cha treni cha mvuke hakiendi bila maji na makaa ya mawe. Injini kubwa za masafa marefu hukokota shehena hiyo nyuma yake, katika gari maalumu. Injini ya tangi haina gari hilo: maji yamo ndani ya matangi yaliyofungwa kwenye mwili wake, aghalabu ubavuni mwa boila (chombo cha kuchemshia maji yawe mvuke), na makaa yamo katika kisanduku nyuma ya dereva. Kwa hiyo ni fupi, na hurudi kinyumenyume bila kugeuzwa. Ila maji yake huisha upesi, ndiyo maana kazi yake ni ya mjini na kwenye njia fupi.

Mfano mzuri ni Terrier, aina iliyobuniwa na William Stroudley wakati wa Malkia Victoria. Stroudley alisimamia injini za kampuni ya reli ya London, Brighton na Pwani ya Kusini, na katika karakana ya Brighton zikaundwa 50 kati ya 1872 na 1880. Zilikuwa na magurudumu sita, yote ya kusukuma, kila moja likiwa na kipenyo cha sentimita 122 hivi. Uzito haukufika tani 25. Jina hilo la mbwa mdogo mwenye kelele lilitokana na mlio wa moshi wake ukitoka, uliofanana na kubweka.

Udogo huo ulikusudiwa. Njia za kusini mwa London zilikuwa na reli nyepesi na stesheni zilizokaribiana, na nyingine ilipita chini ya mto Thames, katika handaki la mhandisi Marc Brunel. Humo mvuke uliotumika ukitolewa nje wote, abiria watakosa hewa. Stroudley aliweka mabomba ya kuurudisha mvuke kwenye matangi ili ugeuke maji tena. Hapo likazuka jambo jingine: maji ya tangi yakawa ya moto, na kile kifaa cha kawaida cha kuingiza maji kwenye boila hakipendi maji ya moto. Akatumia pampu zilizoendeshwa na mwendo wa injini yenyewe. Yaani injini ikisimama, pampu nayo imesimama, na dereva aliyeona maji ya boila yanapungua hakuwa na budi kusogea.

Kila injini ilibeba jina la mahali, kama Stepney, Wapping au Fenchurch, na jina la dereva wake likaandikwa ndani ya kibanda. Mtu ukiandikwa hivyo, utaisugua shaba mpaka ing'ae! Rangi yake Stroudley aliiita kijani kilichoboreshwa, ingawa kwa macho ya kila mtu mwingine ilikuwa manjano ya udongo. Hakuna maelezo yaliyowahi kuniridhisha. Hata hivyo, injini iliyoitwa Brighton ilipelekwa kwenye maonyesho ya Paris ya 1878 na kurudi na medali ya dhahabu.

Treni zilipozidi kuwa nzito, Terrier zililemewa, nyingine zikauzwa na nyingine zikakatwa vyuma chakavu. Zilizobaki ziliokolewa na ule ule wepesi. Kuanzia 1911 baadhi zilipewa boila mpya, na zikaendelea kutumwa kwenye njia ambazo injini nzito haziruhusiwi. Daraja la mbao la kwenda kisiwa cha Hayling ndilo lililojulikana zaidi: Terrier zilivuka hapo mpaka njia ilipofungwa mwaka 1963, na kufikia hapo ndizo zilikuwa miongoni mwa injini kongwe kabisa zilizobaki kazini katika reli ya taifa.

Leo zipo kumi. Stepney ilinunuliwa mwaka 1960 na Reli ya Bluebell huko Sussex, inayohifadhi treni za zamani, ikawa injini yao ya kwanza. Boxhill imo katika jumba la makumbusho la York, imepakwa ile rangi ya Stroudley, nenda ukaamue mwenyewe kama ni kijani. Waddon ilivushwa bahari hadi Kanada, na imo katika makumbusho ya reli karibu na Montreal.