Je, wajua watu wa kubuni "wanaoishi kwa amani na ziwa" wangekula nini?

Mpwa wangu yuko darasa la sita. Juzi alinionyesha daftari lake, kurasa nane za kalamu ya bluu, kuhusu watu aliowabuni mwenyewe. Wanaitwa Wafuru. Wana ngozi inayong'aa na masikio marefu yaliyochongoka, na makao yao ni chini ya majabali yetu ya Mwanza, kule maji yanakoingia mapangoni. "Hawaui kitu chochote," ameandika. "Wanaishi kwa amani na ziwa."

"Sasa wanakula nini?" nikamuuliza.

Akafikiri kidogo. "Mwanga, mjomba."

Simlaumu. Wanaobuni jamii za namna hii, hata watu wazima, huzipa nyimbo, miti na sura nzuri, halafu jikoni hawatupeleki. Na tabia hii ni ya juzijuzi tu. Waingereza wa kale waliamini kuna elfi, viumbe wanaofanana na watu, lakini hawakuwaona kama walinzi wapole wa msitu. Walikuwa na dawa za kutibu maradhi yaliyodaiwa kuletwa na mishale yao. Huku kwetu Wahaya walimjua Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, na mtu aliyekuwa na safari ya mtumbwi hakumchukulia kama rafiki wa kutaniana naye. Wa kale walijua kwamba ziwa lina njaa yake.

Turudi kwa Wafuru, maana binti kachagua jina zuri kuliko alivyojua. Furu ni vile visamaki ambavyo watoto huvua kwa ndoano pembeni mwa mawe, vya kujaa kiganja, ambavyo mtu mzima huvidharau. Ziwa letu hili, Ziwa Victoria, lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita. Lilipojaa tena, furu wakaanza kugawanyika, na leo wanahesabiwa kuwa zaidi ya aina 500, karibu wote wakiwa hawapatikani kwingine duniani. Waliwezaje kuenea wote ndani ya beseni moja?

Kila mmoja alitafuta sahani yake. Kuna furu wa kukwangua mwani kwenye mawe, kuna wa kupasua konokono kwa meno ya kooni, kuna wa kuchokonoa wadudu topeni. Wengine huwinda samaki wenzao. Wengine hunyofoa magamba ya jirani na kuondoka nayo. Wapo hata wanaoishi kwa kupora mayai na vitoto kutoka kinywani mwa mama, kwa sababu furu jike huatamia mayai yake mdomoni. Ukiyaweka haya kwenye hadithi, ile sentensi ya "hawaui kitu chochote" inafutika siku ya kwanza. Furu wamelana kwa maelfu ya miaka, na hakuna aliyemaliza sahani ya mwenzake.

Kuna jambo jingine ambalo mimi hunifurahisha zaidi. Furu jike huchagua dume kwa rangi. Aina mbili zinaweza kukaa jiwe moja, dume wa huku mwekundu na wa kule wa bluu, na ndoa zisichanganyike. Lakini hilo linataka maji angavu. Watafiti waliofanya kazi katika Ghuba ya Mwanza waligundua kwamba pale maji yanapokuwa na ukungu, rangi hazionekani vizuri, majike hukosea, na aina mbili huanza kuwa moja. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya Wafuru ingekuwa kutochafua maji, na wala isingetokana na wema wa moyo. Nani anataka kuamka asubuhi na kugundua amefunga ndoa na ukoo mwingine?

Na uchafu wa ziwa hili hauondoki kirahisi. Takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi ya yanayotoka hupaa kama mvuke. Sehemu inayobaki ndiyo inayokwenda na Nile pale Jinja. Mvuke haubebi mbolea wala maji ya choo. Vinabaki humu humu, vinalisha mwani na gugumaji. Siku upepo ukitulia, simama ufukweni mkabala na Jiwe la Bismarck uangalie maji kwenye kona za mawe: yana utando wa kijani, kama mtu kamwaga rangi ya mlango.

Adui wa hadithi naye yupo tayari. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, samaki anayeweza kupita kilo 100. Kabla yake, ukipima samaki wote wa ziwa kwa uzito, furu walikuwa kama asilimia 80. Kufikia miaka ya 1980 walikuwa wameporomoka, na aina nyingi hazijaonekana tena, ingawa baadhi zilirudi baadaye. Mpwa wangu aliposikia hayo akamchora sangara mwenye pembe. Nikamwambia apunguze pembe. Ada za shule za watoto wengi wa mji huu zimetoka kwenye viwanda vya minofu ya sangara na kwenye mabondo yake, vile vibofu vya hewa vya tumboni.

Jumamosi nikampeleka mwalo wa Kirumba. Magunia ya dagaa yamepangwa hadi juu ya kichwa cha mtu, harufu inakupokea kabla hujashuka kwenye bajaji. Mama mmoja alikuwa anapima kwa sado, anasukuma kwa kiganja ili kisibaki kilima. Tukamwamkia, tukauliza mbona bei imepanda.

"Mbalamwezi hii, mwanangu. Hadi giza lirudi."

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi za betri na sola. Mwanga huwakusanya, wavu unapita chini. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Hapo nilimwona binti ametoa daftari. Alikuwa amepata kitu ambacho mwanga wa kuliwa haukumpa: watu wenye kalenda ya njaa. Siku za giza wanakula, siku za mbalamwezi wanashona nyavu na kugombana na wake zao.

Njiani kurudi nilimsimulia kuhusu Ukara, kisiwa kidogo upande wa kaskazini wa Ukerewe. Wakara waliwashangaza mabwana shamba wa karne iliyopita. Watu wengi, ardhi finyu, mchanga usio na nguvu. Ng'ombe walifungwa ndani ya nyumba, wamekaa kwenye shimo, wanakatiwa majani na kuletewa. Samadi ikijaa inabebwa kichwani kwenda shambani. Katikati ya uwele walipanda mmea wa jamii ya kunde, si wa kula, wa kufukia ardhini ili kuirutubisha. Hata miti ilikuwa na wenyewe, hukati tu kwa kuwa umepita hapo. Wangefanya mchezo, kisiwa kizima kingelala njaa, na jirani wa kukimbilia ni maji.

"Kwa hiyo Wafuru wabebe mavi ya ng'ombe?" akauliza, pua ameikunja.

"Wana ng'ombe?"

"Hawana. Labda ya kamongo."

Jioni alifuta ukurasa wa tatu. Sasa Wafuru wana koo saba, kila ukoo na chakula chake, na kuna mzee anayehesabu siku za mwezi kwa kuchora mistari juu ya jabali. Wana choo, kiko mbali na maji. Ile ya mwanga ameiondoa kabisa. Masikio marefu ndiyo amegoma kuyagusa.