Sukari 13.8 na mtoto hana kisukari, inakuwaje?

Mtoto wa dada yangu, miaka minne, tulimpeleka hospitali hoi kabisa, homa inawaka, kifua kinapanda na kushuka. Nesi akamshika mkono, akaufuta kwanza kwa pamba yenye maji maana alikuwa ameshikishwa juisi ya embe njia nzima (ukipima kidole chenye juisi mashine inakudanganya, inasoma juu), akatoboa, akasubiri mashine isome (inahesabu kwa milimoli kwa lita ya damu). 13.8. Bibi yake kusikia tu hivyo akaanza kilio, mjukuu wangu kapata kisukari jamani. Daktari akauliza kama siku za nyuma mtoto alikuwa anakunywa maji kupita kiasi na kukojoa sana, akapima mkojo, akasema hapana, hii sio kisukari. Siku ya tatu ikasoma 5.6 na hakuchomwa hata tone la insulini.

Sasa ile sukari ilitoka wapi wakati mtoto alikuwa hajala kitu toka jana yake?

Ilitoka ndani yake mwenyewe. Mwili wa mgonjwa mahututi ni kama nyumba iliyopata msiba, stoo zote zinafunguliwa, gunia la mchele lililowekwa kwa ajili ya sikukuu linatolewa siku hiyo hiyo na hakuna anayeuliza. Ubongo ukishaona hali ni mbaya unatuma taarifa kwenye vitezi viwili vilivyokaa juu ya figo, vinamwaga homoni za dharura, adrenalini na kotisoli, kongosho nalo linatoa homoni yake iitwayo glukagoni, na homoni ya ukuaji pia inaingia, na zote hizo zinaliambia ini neno moja tu, toa sukari. Ini linatoa akiba yake, ikipungua linaanza kutengeneza mpya kutoka kwenye protini za misuli, ndo maana mtoto akiugua wiki moja tu unamkuta mapaja yamenywea.

Insulini ndo mwenye stoo, kazi yake kusema rudisheni ndani. Ila siku ya msiba nani anamsikiliza? Misuli na mafuta yanagoma kupokea sukari hata insulini ikiwepo, na hapo kuna akili yake, kwa sababu ubongo na chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu zinachukua sukari bila kuhitaji ruhusa ya insulini, kwa hiyo ikibaki kwenye damu wanaopata ni hao. Halafu sisi nasi tunaongezea. Dripu ya dekstrozi (maji ya sukari), dawa za jamii ya kotisoli, dripu ya adrenalini, hata salbutamoli ya pumu, zote hizo zinapandisha.

Utauliza, si wangemchoma insulini ishuke tu? Hata madaktari waliwaza hivyo, tena kwa miaka. Mwaka 2001 huko Leuven, Ubelgiji, timu ya Greet Van den Berghe iliwabana sukari kwa insulini wagonjwa watu wazima wa ICU (chumba cha mahututi) ikae kati ya 4.4 na 6.1, vifo ndani ya ICU vikashuka kutoka asilimia 8 hadi 4.6. Dunia nzima ikachangamka. Mwaka 2009 hapo hapo Leuven wakajaribu kwa watoto 700, wengi waliotoka kupasuliwa moyo, wakapona haraka zaidi kweli, lakini mtoto mmoja kati ya wanne waliobanwa alishuka hadi 2.2 au chini yake, wakati kwa wenzao ni kama mmoja kwa mia. Mwaka huo huo utafiti mkubwa wa watu wazima zaidi ya 6,000 ukaonyesha waliobanwa ndo walikufa zaidi, na 2017 Marekani majaribio kwa watoto 713 yakakatishwa njiani, hakuna faida na waliobanwa sukari inawashuka vibaya mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Basi, mwongozo wa 2020 wa kutibu maambukizi makali ya damu kwa watoto unasema wazi msitumie insulini kulazimisha ikae 7.8 au chini ya hapo.

Kuogopa kushuka kuna sababu. Ini la mtoto ni dogo, akiba yake inaisha mapema, na ubongo wa mtoto wa miaka mitano hivi unakula karibu nusu ya nishati yote ya mwili. Huku kwetu mfano ni malaria kali. Mtoto hajala siku mbili, homoni zinapiga kelele toa sukari, stoo iko tupu, na ini lenyewe limeelemewa haliwezi kutengeneza nyingine. Insulini yenyewe wakati huo iko chini kama inavyotakiwa, yaani hakuna wa kumlaumu. Degedege zinaanza, kila mtu anasema ni homa kumbe sukari imeisha. Kwinini, dawa ya malaria iliyokuwa inatumika, ilikuwa inazidisha kwa sababu inalisukuma kongosho litoe insulini. Mwaka 2010 dawa nyingine ya malaria, artesuneti, ikalinganishwa na kwinini kwa watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, hospitali za Kilifi, Muheza na Korogwe zikiwemo, vifo vikawa asilimia 8.5 kwa artesuneti na 10.9 kwa kwinini, na watoto wa artesuneti walishukwa sukari mara chache zaidi.

Ikishuka wanampa dekstrozi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, na mshipa ukikataa kupatikana wanaweka kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa matone ya maji chini ya ulimi huku wakihangaika, wanarudia kila dakika 20.

Usiku ule wa kwanza, saa tisa, nesi akaja tena na mashine yake. Dada yangu macho mekundu akamuuliza mbona mnamtoboa tena, si mlisema iko juu? Akajibu huku anafuta kidole, "Mama, hiyo ya juu hainitishi, mi naogopa ishuke wakati nyote mmelala."