Kabla ya kununua lenzi kuukuu ya anamofiki, tazama sensa ya kamera yako

Wanaoniuliza kuhusu lenzi kuukuu za anamofiki huanza na majina ya chapa: Kowa, Isco, Sankor, LOMO. Mimi huwarudisha kwenye kamera. Umbo la sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachonasa picha, ndilo linaloamua kama lenzi itakufaa.

Vioo vya lenzi hizi vina mpindo wa silinda unaobana upana wa picha na kuacha kimo kilivyo; baadaye picha hunyooshwa irudi kwenye upana wake. Mfaransa Henri Chrétien aliubuni mfumo huo miaka ya 1920, na mwaka 1953 ukaingia sinema kwa jina la CinemaScope. Nyingi tunazozipata leo ni za projekta, na hubana mara 2. Fremu ya filamu ya milimita 35 ilikaribia mraba, hivyo ikinyooshwa ilitoa picha yenye upana wa takriban 2.35 kwa kimo cha 1. Lakini kamera ya leo inayorekodi 16:9, ukiinyoosha mara 2, inakupa 3.56 kwa 1. Huo ni utepe! Itabidi ukate kando zote mbili, na pikseli ulizozilipia ziende bure. Ikirekodi 4:3, kama kamera ya Panasonic GH5 iwezavyo, unapata 2.67, na cha kukata ni kidogo. Kama 16:9 ndiyo pekee uliyonayo, tafuta adapta inayobana mara 1.33, ingawa kwa macho yangu ladha yake ni hafifu: taa za nyuma zilizo nje ya fokasi hazirefuki sana kuwa umbo la yai.

Lenzi ya projekta haifanyi kazi peke yake. Hukaa mbele ya lenzi ya kawaida. Kwenye sensa ya fremu kamili (takriban milimita 36 kwa 24) naanzia milimita 85, kwa sababu ukienda chini sana ya hapo pembe za picha hufunikwa na giza.

Kazi kubwa ni fokasi. Una pete mbili, ya lenzi ya nyuma na ya anamofiki yenyewe, na zote lazima zikubaliane juu ya umbali uleule. Mhusika akianza kutembea kuja kwako, mikono miwili haitoshi. Ndiyo sababu wengi huweka mbele kifaa kama Rectilux: fokasi ya lenzi zote mbili inabaki kwenye umbali wa mbali kabisa, na pete moja ya kifaa hicho ndiyo inayozungushwa. Asiye nacho hutumia diopta, kioo cha kukuza kinachofungwa mbele ya lenzi. Fokasi za lenzi zote mbili zikiwa mbali kabisa, diopta ya +0.5 inaleta fokasi kwenye mita 2, umbali mzuri kwa mazungumzo ya watu walioketi.

Halafu sawazisha adapta, yaani ile anamofiki ya mbele. Washa tochi ya simu mbele ya lenzi na uizungushe adapta taratibu mpaka mstari wa mwanga unaotokea kwenye picha ulale sawa na ukingo wa chini wa fremu. Ukiinama hata kidogo, nyuso zitatoka mshazari baada ya kunyooshwa, na hakuna programu ya kuhariri itakayozirudisha vizuri. Tundu la lenzi naliacha f/4. Kwenye f/2, tundu likiwa wazi zaidi, vioo hivi hutia ukungu hata katikati ya picha.