Boda si pikipiki

Juzi, ndani ya taksi ya kutoka Busia kwenda Kampala, kijana mmoja alimweleza mgeni kwamba boda ni jina la Kiingereza la pikipiki. Abiria wakaitikia. Mimi mzaliwa wa Busia, mji wa mpakani mwa Kenya na Uganda, niliumia, kwa kuwa neno hilo limezaliwa mlangoni petu.

Boda ni border ya Kiingereza, yaani mpaka. Waingereza walilitoa kwenye Kifaransa cha kale, na huko lilitaja ukingo wa kitu, hata wa nguo. Tandaza kanga uitazame: ule mstari mpana unaozunguka pande zote nne ndio border yake. Sisi tunauita pindo, na uwanja wa katikati tunauita mji. Kiswahili kimegawa kazi: nguo ina pindo, mto una ukingo, shamba na nchi vina mpaka. Tena mpaka ni ndugu wa kupakana, na hakuna apakanaye peke yake. Uganda inapakana na nchi 5. Border inakuonyesha kitu kinapoishia. Mpaka unakuonyesha changu na chako vinapogusana. Hapo ndipo ninapokipenda Kiswahili.

Sasa boda-boda. Miaka ya 1960, kati ya lango la Uganda na lango la Kenya palikuwa na kipande cha barabara cha kuchosha miguu, hasa kwa mama mwenye gunia. Vijana wa baiskeli wakafunga mto wa sponji kwenye keria, wakawa wanaita, “Boda, boda!” Maana yake: nakutoa boda hii nakufikisha boda ile. Lilikuwa jina la safari. Pikipiki zilikuja baadaye zikalikuta, zikaingia nalo Kampala, mji usiopakana na nchi yoyote. (Kabla ya 1902 wito huo usingekuwa na maana hapo Busia, kwa sababu mpaka haukupita hapo: hata Kisumu, ambayo leo iko Kenya, ilihesabiwa Uganda.)

Kwetu, mtu akisema “naenda boda” anakwenda langoni, kwa watu wa forodha. Akitaka kubebwa, anaita boda-boda, mara mbili.

Tuliposhuka nilimshika kijana bega. “Mwanangu, pikipiki ni pikipiki tu. Boda ni kule tulikotoka asubuhi.”