Sio masikini tu wanaotaka serikali isaidie watu
Huku Mtwara vijiweni utasikia sana eti wanaotetea hela za TASAF (ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya masikini) ni wenye shida tu, mwenye korosho zake hana muda na hayo. Sio hivyo jamani. Kipato kina uzito wake, sikatai, ila mtafiti wa siasa Philipp Rehm alipochambua maoni ya watu wa Ulaya mwaka 2009 akakuta hatari ya kukosa kazi nayo inahesabika, yani hata mwenye mshahara mzuri, kama kazi zenyewe ni za kuyumba, anaelekea kukubali serikali igawe kipato zaidi kwa wasionacho.

Sasa mchukulie mkulima wa Newala au Tandahimba, mnada umemlipa vizuri kupitia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), nyumba kaezeka bati, ila anajua ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, ukikamata maua mikorosho haizai kitu, na ile 2018 anaikumbuka, minada ilikwama mpaka serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo (na kulipwa kwenyewe wengine walisubiri wee). Huyu sio masikini, ila anajua zamu yake inaweza kufika. Na kinachomsukuma ni hatari anavyoiona yeye, ndo maana jirani yake mwenye mikorosho mingi kama yeye, akijiona yuko salama, anaweza kupinga kabisa.