Jina la ripota halikwambii kama stori ina upendeleo

Kuna imani imekaa sana, hasa Kenya wakati wa uchaguzi, kwamba ukitaka kujua kama habari ni ya haki angalia jina la pili la aliyeiandika, ukishajua kwao ni wapi basi ushajua anampigia debe nani. Na si ajabu watu kufikiri hivyo, siasa zenyewe zimeendeshwa kikabila miaka mingi.

Ila kutoegemea upande hakumaanishi ripota hana kwao. Wazo la habari kutoegemea upande lilipopata nguvu Marekani miaka ya 1920, baadhi ya waliolitetea walijua kabisa kila mtu ana upande wake, ndo maana wakasisitiza njia ya kazi, yaani ushahidi ambao mtu mwingine anaweza kuukagua. Halafu stori haitoki kwa mtu mmoja, kuna mhariri, kuna anayeweka kichwa cha habari (mara nyingi si ripota), kuna na mwenye chombo anayetaka matangazo, na huyo jina lake hulioni pale juu.

Kwa hiyo kagua stori yenyewe. Chukua mkutano wa kisiasa, picha ya karibu na jukwaa watu mia tatu wanaonekana bahari, ya kutoka juu inaonyesha uwanja nusu mtupu, tafuta zote mbili. Angalia anayelaumiwa kapewa nafasi ya kujibu au katupiwa mstari mmoja mwishoni, na kama hotuba nzima ipo mtandaoni isikilize mwenyewe. Na ripota wa kwenu naye mkague hivyohivyo, manake huyo ndo wengi tunampitisha tu.