Rangi haikubanduka: dhana potofu kuhusu zege la rangi kwenye nchi ya baridi

Simu zangu huanza kulia mwezi Machi, theluji inapoanza kuyeyuka huku Minnesota, Marekani. Mwaka juzi alinipigia dada mmoja, mwenyeji wa Tanga, analalamika: "Fundi, rangi ya baraza imebanduka." Nikaenda. Baraza la zege, rangi ya kupenya, kahawia iliyokolea na kufifia hapa na pale kama ngozi ya kiatu cha zamani. Kazi nzuri, haikuwa yangu. Lakini pale bomba la mfereji wa paa linapomwagia, palikuwa na mabaka ya kijivu, na pembeni vigaga vyembamba kama ukoko wa wali. Nikaokota kimoja nikamwekea kiganjani. Juu kahawia, chini kijivu, na katikati chembe za mchanga. Rangi ilikuwa imeshika vizuri kabisa. Zege ndilo lililobanduka, likaondoka na rangi yake.

Tangu siku ile nimekuwa nikikusanya maneno ninayoambiwa na wateja, wengi wao watu wa kwetu walionunua nyumba huku na kukuta baraza au njia ya gari imepakwa rangi. Mengi yana ukweli nusu, na hiyo nusu ndiyo inayoponza.

"Ikishapakwa rangi, zege limekingwa."

Wengi tumekulia kwenye sakafu ya simenti nyekundu, ile ya kupigwa nta na kusuguliwa mpaka unajiona uso. Rangi ile, redi oksaidi, huchanganywa na saruji ya tabaka la juu, kwa hiyo hata ikichakaa, chini yake bado ni nyekundu. Rangi ya kupenya ni habari nyingine. Ile ya tindikali ni chumvi za madini zilizoyeyushwa ndani ya tindikali ya haidrokloriki. Ukiipaka, inashambulia kidogo chokaa iliyomo kwenye zege na kuacha rangi palepale: kahawia kutokana na chuma, kijani na buluu kutokana na shaba. Haiambuki kama rangi ya ukutani, ndiyo maana watu huiona ngao. Lakini imekaa kwenye ngozi tu, haishuki zaidi ya milimita chache, na haizuii hata tone la maji. Anayezuia maji ni sila, dawa ya kuziba inayopakwa baadaye. Na ngozi ikishatoka, imetoka. Ukipaka rangi ileile kwenye kidonda, mchanga na kokoto zilizobaki wazi huipokea kwa namna yake, unaishia na kiraka kinachoonekana kutoka barabarani.

"Baridi kali ndiyo inayopasua zege."

Yule dada aliniambia hivyo pia: Januari ilifika nyuzi -30 za Selsiasi, sasa nategemea nini? Nikamuuliza kama amewahi kusahau chupa ya soda kwenye friza. Kila mtu amewahi. Chupa iliyojaa inapasuka, iliyopungua vidole viwili haipasuki. Maji yakiganda hupanuka kwa asilimia 9 hivi, na zege ni chupa yenye matundu mengi madogo. Matundu yakiwa na nafasi, barafu inapata pa kukaa. Yakiwa yamejaa maji zaidi ya asilimia 91 hivi, barafu haina njia ila kusukuma, na inasukuma kwa nguvu ambayo zege haliwezi kuihimili.

Sasa itazame Januari ya huku. Theluji inakaa kavu kama unga wiki nzima, hakuna kinachoyeyuka, hakuna kinacholowa. Machi ndiyo yenye balaa: mchana nyuzi 4, usiku -6, kesho yake vivyo hivyo. Maji yanashuka kutoka paani, yanaingia kwenye zege, yanaganda, yanayeyuka, yanaingia tena zaidi. Ndiyo maana baraza lake liliharibika pale chini ya bomba tu, na hatua tatu pembeni likawa zima, ingawa baridi ilikuwa ileile.

Ipo kinga moja ambayo mwenye nyumba haioni. Tangu miaka ya 1930 Wamarekani waligundua kwamba zege lenye vipovu vidogo vya hewa, vilivyoingizwa kwa dawa wakati wa kuchanganya, huvumilia kuganda kuliko lisilo navyo. Kwa zege la nje, kiasi cha kawaida ni kama asilimia 6 ya ujazo. Kila kipovu ni ile nafasi ya vidole viwili kwenye chupa. Hapa nitasema jambo litakalowaudhi mafundi wenzangu waliojifunzia kazi nyumbani, nami nimo: mkono wetu wa kupiga niru, kunyunyiza maji na saruji kavu juu kisha kupitisha mwiko wa chuma mpaka sakafu ing'ae, ni sumu kwenye baraza la nchi ya barafu. Maji ya kunyunyiza yanadhoofisha ngozi ya juu, na mwiko unavifukuza vipovu pale hasa vinapohitajika. Wenyeji wa huku huburuta ufagio juu ya zege bichi na kuliacha na mistari. Nilipofika niliwaona wavivu.

"Chumvi inakula zege kama tindikali."

Chumvi ya kawaida ya barabarani, ile inayomwagwa kuyeyusha theluji na barafu, hailili zege kiasi hicho. Kosa lake ni kulinywesha maji. Theluji ambayo ingebaki kavu inageuka maji ya chumvi, yanaingia kwenye matundu, kisha usiku baridi inaongezeka na yanaganda. Zege lenye chumvi pia hukauka kwa shida, linabaki na unyevu muda mrefu. Kwa hiyo badala ya kuganda mara chache kwa msimu, sehemu hiyo inaganda mara nyingi, tena ikiwa imejaa. La ajabu zaidi, maji ya chumvi kali siyo yanayobandua zaidi. Majaribio ya maabara yamerudia kuonyesha kwamba kiwango kibaya kuliko vyote ni chumvi ya karibu asilimia 3, yaani ile ndogo inayobaki baada ya chumvi uliyomwaga kuchanganyika na theluji mpya. Wanaojisifu kwamba wao hutia kidogo tu hawapendi kusikia hivyo.

Tena chumvi hiyo inachoka mapema. Chini ya nyuzi -9 hivi haiyeyushi cha maana, na hapo ndipo watu huongeza kopo la pili na la tatu. Kalsiamu kloridi, chumvi nyingine ya kuyeyushia barafu, hufanya kazi kwenye baridi kali zaidi, lakini nayo inalowesha zege vilevile, na ikizidi hushambulia saruji yenyewe. Magnesiamu kloridi, inayouzwa kwa sifa ya upole, hushambulia saruji pia. Ila kuna kitu kimoja ambacho ni sumu moja kwa moja: mbolea. Amonia nitreti na amonia salfeti, ambazo mkulima yeyote wa kwetu anazijua ndani ya mifuko ya CAN na SA, zinayeyusha barafu vizuri, na zinamumunya saruji vizuri zaidi. Nimeona mtu akizitawanya kwa sababu zilibaki kwenye banda lake.

Nitumie nini basi? Mchanga. Hauyeyushi kitu, unazuia mguu kuteleza tu, na mara nyingi hilo ndilo tulilokuwa tunahitaji. Theluji ikiisha ufagie mapema, maana mchanga chini ya viatu ni msasa juu ya sila. Na zege lililomwagwa kiangazi hiki lisione chumvi ya aina yoyote kwenye baridi yake ya kwanza.

"Sila nene ndiyo sila."

Ndoo ya sila ya akriliki imebaki nusu, mtu anasema aimalizie. Mwaka unaofuata baraza limepata ukungu mweupe, kama mtu amemwaga maziwa akayafuta vibaya. Akriliki hutengeneza ngozi juu ya zege. Ikiwa nyembamba, mvuke unaotoka ardhini unapata upenyo. Ikiwa nene, mvuke unanaswa chini yake, rangi inafifia kwa weupe, na unyevu huo ndio utakaoganda. Mikono 2 myepesi kwa rola inatosha.

Zipo sila za aina ya saileni, ambazo hazitengenezi ngozi kabisa. Zinaingia ndani na kufanya kuta za matundu zikatae maji, huku mvuke ukitoka. Kwa njia ya gari ndizo ninazozipenda. Shida yake ni mbili. Hazikolezi rangi, hazileti ule mng'ao wa kama limelowa uliowafanya watu wapende zege la rangi tangu mwanzo. Na haziingii palipo na akriliki, mpaka ile ya zamani iondolewe yote. Epoksi iache ndani ya nyumba, jua linaigeuza njano.

"Barafu ikigoma, tia maji moto." Yanayeyusha kwa dakika chache, kisha yanaganda mahali pabaya zaidi, na zege limepokea mshtuko wa joto bure. Sepeto la chuma nalo linachana sila. Tumia la plastiki, na uondoe theluji ikiwa bado laini, kabla ya mtu kuikanyaga ikashikamana.

"Siki inasafisha kila kitu." Siki ni tindikali. Inaacha doa ambalo halitoki. Sabuni ya vyombo kidogo kwenye maji ya uvuguvugu imetosha.

"Sila nilipaka nilipohamia."

Akriliki ya nje hudumu kama miaka 2 hadi 3, pengine pungufu pale magari yanapopita. Huhitaji fundi kujua. Mwaga kikombe cha maji, usubiri dakika chache. Yakisimama kama shanga, bado ipo. Zege likigeuka jeusi, imekwisha. Tulifanya hivyo siku ile na yule dada: karibu na mlango shanga, chini ya bomba zege likanywa yote.

Akataka nipake sila palepale. Nikakataa, kwa sababu sila inataka zege lililokauka siku 1 au 2, na joto la nyuzi 10 kwenda juu, usiku pia. Mei, nikamwambia. Kisha nikaenda kwenye gari nikachukua kipande cha bomba la plastiki nilichobakiza kazi nyingine, nikaunga bomba la mfereji wa paa, nikageuza mdomo wake kwenye majani. Alinitazama kama fundi aliyeitwa kupaka rangi akaanza kushika mabomba. Jua lilikuwa limepanda, paa linachuruzika, na maji yakaanza kutoka upande ule mwingine.